Shimo namba sita nililolichora mimi

Jumamosi, saa kumi jioni. Mvua imenyesha asubuhi ikakatika, na nimerudi Temeke na matope mpaka kwenye vifundo vya miguu. Sina hasira. Nimechoka tu, na nataka kuandika haya kabla sijaanza kujitetea.

Mnaonisoma siku nyingi mnajua nachezaga gofu ya visahani. Kwa asiyejua: hakuna mpira wala fimbo. Unarusha kisahani cha plastiki kuelekea kikapu chenye minyororo kilichosimama juu ya nguzo, na mwenye mirusho michache ndiye mshindi. Kila kituo tunakiita shimo ingawa hakuna kilichochimbwa. Klabu yetu ina mashimo tisa, Mbezi Beach, kwenye kiwanja tulichoazimwa chenye mikorosho na mivinje. Vikapu alituchomelea fundi mmoja wa Manzese kwa rimu za baiskeli. Viwili vimeinama kidogo, tumeshavizoea.

Kazi yangu ni kuchora ramani za nyumba. Kwa hiyo shimo namba sita lilipoonekana rahisi mno, Da Neema, katibu wetu, alinipa mimi nilichore upya.

"Lifanye gumu, Rukia," aliniambia. "Watu wanapita pale kama wanakwenda dukani."

Nililifanya gumu. Nilisogeza sehemu ya kurushia ikawa nyuma ya mkorosho, ili mchezaji alazimike kupitisha kisahani katikati ya mivinje miwili iliyoachana hatua sita. Ukishapita hapo, njia inakata kushoto kwenda kwenye kikapu, ambacho nacho nilikihamishia huko. Upande wa kulia, karibu sana, kuna senyenge ya jirani. Kisahani kikivuka senyenge unaongezewa mrusho mmoja na unarudi kurushia palepale ulipoanzia.

Kwenye karatasi lilikuwa zuri kweli. Nilijipongeza.

Sasa kuna jambo moja lazima nilieleze, maana ishu yote iko hapo. Mtu wa mkono wa kulia akirusha kwa namna ya kawaida, kisahani kikianza kuishiwa nguvu kinapinda kushoto. Cha mtu wa mkono wa kushoto kinapinda kulia. Mtu hachagui. Ndivyo kinavyozunguka.

Klabu nzima ina mtu mmoja wa mkono wa kushoto, naye ni Ami Nassor.

Si ami yangu wa damu. Ana duka la vyombo mtaani kwetu, alilirithi kwa baba yake, na mtaa wote unamwita hivyo. Yeye ndiye aliyenifundisha kurusha, miaka ile nilipokuwa nimeachika na sitoki ndani. Alikuja kumsalimia mama, akaniona nimekaa, akasema kesho asubuhi nivae raba. Hakuuliza kitu kingine.

Ami anakula kwa mkono wa kulia na anaandika kwa mkono wa kulia, kwa sababu utotoni alichapwa mpaka ukazoea. Aliwahi kuniambia kwamba kisahani ndicho kitu cha kwanza maishani mwake alichokishika kwa kushoto bila mtu kumkemea. Alisema akicheka, lakini sikusahau.

Jumamosi iliyopita tulikuwa na mchujo. Klabu imealikwa kucheza Nairobi na tuna nafasi nne. Watatu walituacha mbali wote, kwa hiyo nafasi ya nne ilibaki kwangu na kwa Ami. Tulizunguka uwanja mara mbili.

Mzunguko wa kwanza, shimo namba sita, Ami alirusha mrusho mzuri kuliko yote niliyoiona siku ile. Ulipita katikati ya mivinje bila kugusa jani. Kisha taratibu, kama kawaida yake, kisahani kikapinda kulia na kuvuka senyenge. Akarudi, akarusha tena, kikaenda kulekule.

Mimi nilirusha vibaya. Mkono uliteleza, kisahani kikagonga mvinje wa kulia, kikadunda upande wa kushoto na kutua sehemu ya wazi, hatua chache kutoka kwenye kikapu. Watu walipiga makofi. Mie nikatabasamu.

Mzunguko wa pili ikawa karibu vilevile. Kwa mara zote mbili, shimo lile lilimgharimu Ami mirusho kumi na miwili. Mimi saba. Mwisho wa siku nilimshinda kwa mrusho mmoja.

Alinipa mkono. "Hongera, mwanangu. Nairobi kuna baridi, beba sweta."

Usingizi ulikuja vizuri tu, nikiri hilo. Jumapili asubuhi ndipo nilipoamka na kitu kimenikaa kifuani.

Nilikwenda uwanjani peke yangu na visahani kumi. Kuna mrusho mwingine, wa pembeni, ambao mtu wa kulia akiutumia kisahani kinapinda kulia, sawasawa na cha Ami. Huwa nautumia mara chache lakini naumudu. Ami hawezi, kiwiko chake kiliteguka zamani, hivyo hana njia ya kukipindisha kisahani upande wa pili. Nikasimama nyuma ya mkorosho, nikarusha vyote kumi kwa namna hiyo, kwa uangalifu wote nilionao.

Vitatu viligonga miti. Saba vilipita katikati ya mivinje, safi kabisa.

Vyote saba vilivuka senyenge.

Nilipozunguka kwa jirani kuomba kuviokota, nilikuwa nimeshaelewa. Shimo gumu linataka urushe vizuri, ukirusha vizuri linakupa haki yako. Shimo langu lilikuwa linampokea aliyekosea kama mimi na kumtoa nje aliyepatia kama Ami. Ugumu wake ulikuwa wa mtu mmoja.

Sasa ninafika pale ambapo sikutaka kufika.

Nililijua hilo tangu nachora. Sikukaa nikapanga kumfanyia hila, naweza kuapa. Lakini penseli ilipofika kwenye ile senyenge nilisimama, nikawaza, Ami atapitaje hapa? Niliwaza hivyohivyo, kwa jina lake. Halafu nikajijibu kwamba ni mzoefu, atajua mwenyewe. Na Ami ndiye pekee wa daraja langu anayenifunga mara kwa mara. Nikaendelea kuchora.

Jumatatu nilikwenda dukani kwake. Nilimkuta anapanga masufuria. Nikamwamkia, nikamwambia yote, hata lile la penseli.

Alichukua sufuria moja ambayo haikuwa na vumbi, akaifuta.

"Niliona siku ya kwanza tu ulipoweka nguzo," alisema.

"Mbona hukusema, Ami?"

"Ningesema nini? Mzee wa mkono wa kushoto, kila kitu analalamika. Nimelisikia hilo tangu niko madrasa."

Nikamwambia aichukue nafasi yangu. Hapo ndipo alipokasirika, na sijawahi kumwona amekasirika. Sauti haikupanda.

"Cha kupewa sitaki, Rukia. Kama shimo ni bovu, nenda kaseme shimo ni bovu. Mimi usiniweke katikati."

Basi nikaliandika kwenye grupu la klabu Jumatano, na Alhamisi Da Neema akatuita. Tulikaa kwenye viti vya plastiki nyumbani kwake, Ami hakuja. Nilieleza vile visahani kumi. Kelvin, ambaye nafasi yake Nairobi haikuguswa na lolote, ndiye aliyenipinga zaidi.

"Sista, gemu imeisha. Sote tumerusha palepale, kikapu kilekile. Usawa gani mwingine unautaka?"

Ni hoja. Nimeifikiria siku mbili na bado ni hoja. Nilimjibu kwamba mlango mmoja kwa wote hautoshi, kama mmoja wetu kila akiingia unambana mkono. Hakuridhika. Nikaona bora niseme lililobaki.

"Nililiona kosa wakati nachora," nikasema. "Nikanyamaza kwa sababu lilinifaa."

Kelvin akaangalia chini. Nadhani aliona aibu kwa niaba yangu, na mimi nilikuwa nayo ya kunitosha.

Da Neema hakunihubiria. Alisema shimo namba sita lifutwe kwenye hesabu ya kila mtu, tuhesabu manane yaliyobaki. Wale watatu wa juu hawakubadilika. Ila Ami Nassor akanipita kwa mirusho minne, na nafasi ya nne ikawa yake. Hakuna aliyempa. Ilitoka kwenye karatasi ya mchezo wenyewe.

Leo asubuhi tumelisahihisha. Tumeng'oa nguzo ya kikapu na kuisogeza, ikakaa moja kwa moja ng'ambo ya mivinje, mbali na senyenge. Sasa unaweza kukifikia kikapu ukipindia kulia au ukipindia kushoto. Ile nafasi ya hatua sita katikati ya miti nimeiacha. Sikulilegeza hata kidogo.

Ami ndiye aliyerusha wa kwanza, matopeni. Akagonga mvinje. Akarusha tena, akagonga mvinje wa pili. Alimaliza kwa mirusho mitano, mbaya kuliko wote tuliokuwepo.

Tukamtazama. Yeye akaokota kisahani, akakifuta kwenye suruali.

"Hapo nimekosea mwenyewe," akasema, na uso wake ulikuwa na furaha ambayo sijui niielezeje. Akaomba arushe tena. Tukamwachia uwanja, akarusha mpaka mvua ikatishia kurudi.

Nairobi nitaiona kwenye picha za simu yake. Inauma, sitadanganya. Nilishawaambia watu kazini, na Jumatatu itabidi niwaambie tena.

Lakini kinachonizunguka kichwani jioni hii ni kingine. Nilirudi uwanjani na vile visahani kumi kwa sababu aliyeumia ni Ami, mtu aliyenitoa ndani. Angekuwa mgeni tu, mtu wa kushoto aliyekuja klabu mwezi uliopita, ningeamka na kitu kifuani? Au ningebeba sweta na kwenda?