Siku Niliyokuvuta Mkono

Mama Njoki,

Juzi niliuza ule mzigo wa sweta uliouacha nusu. Nimeuza kwa bei ya kutupa, na najua ungenigombeza hadi jioni. Kibanda chako pale soko la Thika kimechukuliwa na mama wa viatu, mtu mpole, hana maneno. Huku mtaani Landless maji bado ni ya kuvizia. Mimi nipo, ila sina wa kubishana naye.

Kuna jambo linanitafuna, na nimeona nikuandikie wewe kwanza.

Unamkumbuka yule wakala wa bima aliyekuja kwenye chama chetu cha akiba na soda na kalenda? Akina mama walikuwa wamechoka na hospitali ya serikali: foleni tangu alfajiri, mitambo imelala, dawa ukanunue nje. Nikasema sote tuhamie bima ya kampuni. Wewe peke yako ulikataa. "Ile ya serikali inasumbua," ulisema, "lakini haichagui mtu. Hii ya kampuni inakupenda tu ukiwa mzima." Wakacheka. Mimi nilicheka kuwashinda.

Halafu ukaniuliza mbele ya wote, "Na presha yangu?" Wakala alikuwa ameniambia kwamba ugonjwa ulio nao tayari haulipiwi mpaka mwaka upite. Nilijua. Nikakujibu, "Presha ni ya kila mtu, hiyo hawaangalii." Kampuni ilitaka chama kizima au isichukue mtu, na mimi nilitaka kura ipite. Tulipopanga mistari miwili ya kura, kwako ulikuwa wewe tu. Nikaja nikakuvuta mkono hadi upande wetu, watu wakapiga makofi. Desturi yetu ni kwamba anayeshindwa anafuata wenzake, na wewe hukuwa mtu wa kuvunja chama. Mchango wa bima ya serikali ukauacha, hela hiyo ukaileta kwetu.

Asubuhi ulipoanguka kibandani nilikukimbiza kwenye hospitali ya ile bima, yenye vigae vinavyong'aa. Msichana wa dirishani akaangalia kompyuta, akasema kwa upole kwamba mwaka bado. Nilibishana naye mpaka saa sita, wewe umelala kwenye benchi, mdomo umeenda upande. Ilifaa nikuondoe pale mara moja. Tulipofika hospitali ya serikali walikupokea kabla hata ya kuuliza kadi. Daktari alitaka tu kujua mbona tumechelewa. Jioni ukaenda.

Sisemi ya serikali ni nzuri. Mwezi uliopita nilipeleka mguu wangu, mitambo ikalala, nikarudi nyumbani nachechemea. Redioni nako wanabishana kila asubuhi, wengine wanataka mfuko mmoja wa watu wote, wengine kila mtu na kampuni yake. Mimi huzima. Kila hoja naisikia kwa sauti yako.

Baada ya kukuzika Kalimoni, Njoki wako, anayeniita tata kama shangazi wa damu, alinivuta kando, bili ya hospitali mkononi. Kadi yako ya serikali ilikuwa imekufa, yote ikamwangukia yeye. "Tata, mum alijua ako na presha na bado akaacha kulipa ya serikali. Alikuwa anafikiria nini?" Hapo ndipo nilipopaswa kusema. Nikasema, "Mamako alikuwa mkaidi, si unamjua."

Akaamini. Ukiwa bado hujakauka kaburini nilikusingizia, mbele ya mtoto wako.

Sasa ana mimba ya pili, na ameambiwa ni msichana. Wa kwanza alipewa jina la mama wa mume, kwa hivyo kwa mila yetu huyu ni wa jina lako. Lakini Njoki amewaambia watu wa kwao kwamba hatampa mtoto jina la mtu aliyejiacha afe. Wangari, jina lako linapotea kwa sababu yangu, na mimi naendelea kuuza nguo kana kwamba hakuna kitu.

Jumapili nikitoka kanisani nitaenda kwake Ruiru. Nitamwambia nilichojua kuhusu ule mwaka, na nilichokujibu ulipouliza. Najua hasira zake, ni zako. Anaweza kunifungia mlango na asiniite tata tena maishani.

Lala, rafiki yangu. Msamaha wako nitauomba nikishaomba wake. Mtoto aitwe Wangari, hata kama sitaruhusiwa kumbeba.

Mimi wako,
Mama Brayo