Kipande cha Mtaro Kisicho Chako

Shikamoo Mzee Gidioni. Mimi ni mwalimu wa fizikia hapa Kirushya, naomba unisikilize maana nyumbani wamechoka kunisikia. Kwa miaka kadhaa nimejitolea na wenzangu, akiwemo Ndayisaba wa Mugoma na wengine wa nchi za mbali ambao sijawahi kuwaona, kutunza programu huria ya kupigia hesabu mabomba ya maji ya mserereko, yanayoteremka yenyewe bila pampu, ile inayokwambia ni bomba gani linafaa toka kwenye chemchemi hadi kijijini bila kupasuka, na tulielewana vizuri mpaka walipojiunga watafiti wa chuo kikuu, na ni mimi niliyewakaribisha kwa furaha. Ni watu wazuri, sikatai, lakini wanafunzi wao wanaleta kazi nusunusu, na kila nikitaka kuirudisha msimamizi wao, Daktari Frednand, ananipigia simu, "Mwalimu Tecla, wewe ndiye mwenyeji wetu, tunyooshee kidogo, kijana anakaribia kutetea tasnifu," nami najibu sawa Daktari, nanyoosha, kijana anahitimu, anatoweka, anakuja mwingine. Mume wangu Jovitus ameacha kugomba, siku hizi anauliza tu, "Huyo bwana wa kwenye kompyuta ameshakula?" Sasa wameleta sehemu mpya ya kukadiria msukumo wa maji mabondeni, na haikuhesabu hali ya koki zote kufungwa, wakati ndipo msukumo unapokuwa mkubwa, na Daktari anataka iingie mwezi huu huu, na Bwana Shibuda, mwenyekiti wa kamati ya maji kule Bisibo, anasubiri toleo hilo ili wachague mabomba. Nikiikataa nitamwaibisha Daktari na huenda chuo kikajitoa, nikiinyoosha tena sina nguvu, basi nimefikiri niache kimya kimya, wakute tu sipo. Je, nitakuwa nimekosea?

Tecla, Kirushya

Marahaba mwanangu, na pole. Uchovu wako ni wa kweli. Lakini ndiyo, utakuwa umekosea, na ngoja nieleze taratibu, maana wasomaji wengine ni wageni wa jambo hili. Programu huria ni ile ambayo maandishi yake hayafichwi: yeyote anaweza kuyasoma, kuyatumia na kuleta marekebisho, ila marekebisho hayaingii mpaka mwingine ayakague.

Umeshaona msaragambo, kijiji kizima kikitoka kuchimba mtaro wa maji kwa pamoja. Kila kaya hupimiwa kipande chake, na mgeni akitaka kusaidia hupimiwa chake. Wewe ulimwona Daktari ameshika jembe vibaya, ukaona haya, ukamchimbia. Msimu uliofuata ukamchimbia tena. Leo mgongo unauma, unalalamika watu wa chuo hawamalizi kazi. Wangejuaje, mama? Kila walipogeuka walikuta mtaro umekamilika!

Kurudisha kazi si utovu wa adabu. Wewe mwalimu, humwandikii mwanafunzi mtihani kisha ukampa alama. Vijana hao wanahitimu bila kujua kwamba watu wa bondeni hufunga koki wakalala. Ulidhani unawapa zawadi, kumbe unawanyima somo.

Na kutoweka ndiko kubaya zaidi. Ukiondoka, mwingine ataipitisha kazi ile kwa heshima zilezile, na Shibuda ataiamini. Bomba likipasuka, akina mama wa Bisibo watarudi kwenye ndoo, wala hawatajua jina lako wala la Daktari.

Fanya hivi. Leo, andika palepale kwenye mradi, mbele ya wote: kazi irudi, kasoro yake hii, na namna ya kuijaribu hii. Usianze kwa kumpigia Daktari kuomba radhi. Simu ndiyo iliyokuponza. Mwambie Shibuda asinunue bomba hata moja kwa hesabu hiyo mpaka irekebishwe. Kisha Ndayisaba na mtafiti mmoja wa chuo wapewe zamu ya kukagua, ili kazi isimwangukie mtu mmoja. Chuo kikijitoa kwa hilo, basi kilikuja kupiga picha mtaroni.

Baada ya hapo pumzika, lakini uage. Mtu aliyechoka huketi ukingoni mwa mtaro, watu wakamwona, jembe likapokelewa, hajifichi migombani.

Na Jovitus akiuliza tena, mjibu kwamba bwana wa kwenye kompyuta ameshakula, ameshiba, na kuanzia leo watampakulia wengine.