Mshipa Mwembamba wa Dada

Nyumbani, chumba cha mbele
Jumapili, 14 Machi

Mpendwa mdogo wangu,

Salamu nyingi. Natumaini wewe, shemeji na watoto hamjambo, na kwamba ngiri yako haijakuzidi kabla ya upasuaji. Huku tu wazima. Mimi nina hasira, lakini unanijua, hasira ndiyo afya yangu.

Dada amepasuliwa Jumanne, mawe ya nyongo yametoka. Unakumbuka kwa nini alikataa kurudi hospitali baada ya ule upasuaji wa goti? Alipiga yowe dawa ya usingizi ilipoingia, akavuta mkono, na daktari wa usingizi akawaambia wauguzi mama huyu anadeka. Nawe, kwa simu tu, ukamtungia jina: Bibi Yowe. Ukoo mzima ukalidaka. Akaona heri nyongo imtafune kuliko kuchekwa tena.

Basi nikasoma. Ile dawa ya usingizi, nyeupe kama maziwa, huwasha ukuta wa ndani wa mshipa, nao una hisia kali. Hospitalini pale wamezoea kuchoma sindano mgongo wa kiganja, kwa kuwa mshipa huonekana upesi. Lakini ni mwembamba, damu yake haitoshi kuizimua dawa. Kwenye mshipa mnene wa mkunjo wa kiwiko maumivu hupungua sana, na dawa kidogo ya ganzi ikitangulia, wengi hawasikii kitu.

Dada alikubali kulazwa, lakini akasema hapasuliwi mpaka yule daktari alifute neno lake. Nikamvizia mlangoni pa chumba cha upasuaji, nikamweleza yote mbele ya wauguzi walewale. Akajibu kwamba hayo anayajua.

"Basi umekosa hata kisingizio cha ujinga," nikamwambia.

Alikwenda wodini kuomba radhi kwa sauti ya mtoto aliyevunja sahani. Nilisimama pale nikifurahi, wala sijutii.

Jumanne Dada akamnyooshea daktari mkono, mkunjo wa kiwiko ukiwa juu. Hakupiga yowe. Alisinzia akiwa bado anamwambia asiharakishe.

Umebaki wewe. Nilikusudia kunyamaza, ukachomwe mgongo wa kiganja ujionee. Dada ndiye aliyenikataza. Kasema nikuandikie uombe kiwiko na ganzi. Kisha akaongeza, "Lakini kwanza anipigie simu. Aniite Dada."

Msalimie shemeji, wabusu watoto, na mjomba umwambie yeye naye alicheka. Mungu akulaze na kukuamsha salama.

Ni mimi kaka yako, nikupendaye na nisiyekusamehe bado. Jina lako nimeshalitunga. Linangoja kuona kama utapiga simu.