Sarafu Zilizosuguliwa kwa Ndimu

Jumanne

Basi albamu nimeipata, ile ya vifuko vya plastiki, kwenye duka la vifaa vya shule hapa Dunda. Eda imekwisha, nimeifuata mwenyewe.

Nimerudi nikamkuta mama mkwe na kopo la marehemu mume wangu. Sarafu zote za kigeni alizokuwa akizipata kwenye chenji, mama amezisugua kwa ndimu na majivu kama masinia ya Idi.

"Zilishika weusi, mwanangu. Na yeye hakupenda uchafu."

Weusi ule ulikuwa wa vidole vya mume wangu. Nikasema ahsante, mama. Sikuhisi kitu.

Nimezipanga zote kwenye albamu, zinang'aa. Imebaki moja ya Kenya, niliyoikuta mfukoni mwa kanzu yake, kanzu niliyoshindwa kuitoa sadaka. Hiyo, na weusi wake, nimeirudisha mlemle mfukoni.