Hiyo Chumvi Usiitie Shambani

Mchafukoge, Dar es Salaam
Jumanne asubuhi

Mama Pendo, mke wangu,

Salamu zako ninazo na nitakupa, ila kabla sijakujulia hali, tafadhali weka chini hiyo chumvi. Usiitie shambani hata punje. Mimi sikusema uweke chumvi. Nilisema mkaa niliokutumia una chumvi. Kaka yako Lazaro amesikia lake, kama kawaida yake. Jana nilipoona ujumbe wake, "Shemeji, chumvi amenunua kilo mbili, anauliza kama inatosha," nilikaa palepale kwenye ngazi na deki mkononi. Tangu hapo nampigia hapatikani, nadhani yuko mnadani. Na simu yako ndiyo hiyo iliyotumbukia kwenye ndoo. Basi nimeandika, na barua hii nampa kondakta wa basi la kesho alfajiri, aiache pale dukani njia panda. Soma mwenyewe. Lazaro asikusomee.

Sasa nikusalimu kama mtu mwenye adabu. Hujambo? Pendo na mdogo wake wanaendelea vipi na shule? Mgongo wa mama umepoa? Mimi ni mzima, kile kifua kimeniachia. Kazi ni ileile, nafagia ngazi za jengo, nafungulia wapangaji maji ya tanki, nawapandishia mizigo inayotoka Kariakoo. Mvua za vuli zimeanza kudondoka huku, na kila nikizisikia kwenye bati la kibanda changu nawaza ninyi huko bado mnatazama mawingu. Hainipendezi kulowa peke yangu.

Nikueleze ilivyokuwa, maana una haki ya kujua mumeo alivyoharibu.

Unamkumbuka Bibi Kanta, yule mama wa Kihindu wa ghorofa ya kwanza niliyekusimulia. Yeye ndiye aliyenifundisha habari ya mkaa. Nilimwona anatwanga chenga za mkaa, anaziloweka kwenye maji ya samadi, kisha anachanganya na udongo wa makopo yake ya maua. Joto la Bongo unalijua kwa kusimuliwa tu, lakini yeye alimwagilia mara moja kwa siku tatu na udongo ulikuwa bado una unyevu. Akaniambia mkaa una vitundu, unakunywa maji na kuyatoa polepole. Nilipokuletea habari hiyo ulicheka ukasema mkaa ni wa kupikia. Ulibishana nami siku mbili, mwisho ukakubali mistari mitatu tu. Ukaloweka na samadi na mkojo wa ng'ombe wiki mbili, jirani akapita kuuliza unatengeneza dawa ya nani. Halafu mvua ikakatika katikati ya msimu, mtama wote ukajikunja majani, na ile mistari mitatu ikasimama. Tangu siku hiyo hujanibishia tena, na shida yetu imeanzia hapo.

Mwaka huu ukasema tuongeze kidogo kidogo. Mimi kichwa kilishavimba, nikasema shamba zima. Muuza mkaa wa Kariakoo alinipa chenga zake zote, zikajaa viroba vitatu, zikaisha. Nikaenda Feri, kwa wakaanga samaki. Pale makaa yaliyozimwa yamelundikana, wakanipa bure na asante juu, kwa kuwa nimewapunguzia takataka. Nikapata viroba vitatu vingine. Vyote sita nikavishona kwa uzi mmoja, nikapakia kwenye basi, nikajiona bwana shamba.

Lakini wale wanazimia moto maji ya bahari. Bahari iko hapo hapo, nani ahangaike na bomba? Na niliona kwa macho yangu, Mama Pendo. Niliona ndoo inachotwa, nikaona makaa yanamwagiwa, nisiwaze chochote. Sisi tuliokulia Ugogo maji ni maji. Ukiyaona unashukuru, huulizi yametoka wapi.

Chenga kidogo za Feri nilibaki nazo, na Bibi Kanta alipoomba za kuongezea kwenye kopo la tulasi yake nikampa hizo. Tulasi ni mrehani wao wa ibada. Kila asubuhi kabla ya chai anaumwagilia maji kidogo, anauwashia taa, anauombea. Hazikupita siku kumi majani yakaungua pembeni, kisha mti mzima ukakauka. Jumamosi akaniita. Nilijua nakwenda kugombezwa. Akachota chenga kwenye kopo, akaniwekea kiganjani.

"Onja, Yona."

Nikaonja. Chumvi tupu.

"Umeutoa wapi mkaa huu?"

"Feri, Bibi."

Akalitazama kopo lake. Kisha akauliza, "Na nyumbani umepeleka huu huu?"

Hakunigombeza hata neno moja, na hilo limeniuma kuliko angenifokea. Nikashuka ngazi mbio kumpigia Lazaro, na Lazaro ndiye aliyekwambia ukanunue chumvi.

Sasa fanya hivi. Chukua kiroba kimoja kimoja, toa chenga mbili tatu za katikati, zitie ulimini. Ukisikia chumvi, kiroba hicho kiweke mbali na shamba kabisa, kitakufaa kuwashia moto. Kama umeshafukia kwenye mashimo, onja mkaa wa kila shimo, na wenye chumvi fukua kabla mvua haijanyesha. Maji yakishaiyeyusha chumvi, hakuna tena cha kufukua, na hilo shamba ndilo tunalolila mwaka mzima. Na kama umeshaloweka vyote pamoja na samadi, onja, na ukikuta imeingia chumvi usitumie hata koleo moja. Najua ng'ombe ni wawili na samadi hiyo umeikusanya kwa mikono yako. Nisamehe. Panda hivyohivyo bila mkaa, tutakula kitakachopatikana.

Basi lililobeba barua hii limebeba na viroba viwili vipya vya Kariakoo, nimevifunga utepe mwekundu. Nimevionja mwenyewe pale pale dukani, juu, katikati na chini. Muuza mkaa alinitazama mpaka akashindwa kuvumilia, akaniuliza mimba ina miezi mingapi. Vinatosha mistari mitatu, labda minne. Ni ile uliyotaka wewe.

Kuna jambo moja limenikosesha raha tangu jana. Wewe ni binti wa mkulima, unajua chumvi inaifanya nini ardhi kuliko ninavyojua mimi. Na bado ukaenda dukani, ukanunua kilo mbili, kisha ukauliza kama inatosha, kwa sababu umeambiwa mumeo amesema. Nilifurahi kidogo, nisikufiche. Halafu nikaogopa sana. Mke wangu, mimi nimekaa na ufagio mjini, wewe ndiye uliye na jembe. Nikisema la kipuuzi, nibishie. Uliponibishia ndipo tulipopata mistari mitatu ya maana, na uliponyamaza nikakutumia bahari kwenye viroba.

Mama mpe shikamoo yake na umwambie dawa ya kuchua mgongo imo ndani ya kiroba kimojawapo, nimeifunga kwa nailoni. Pendo mwambie nimeona barua yake, mwandiko umenyooka. Jirani yetu anayetuazima plau msalimie, na mwambie hatutengenezi dawa. Kaka yako Lazaro naye msalimie, ukipaza sauti.

Bibi Kanta nimempatia mche mwingine wa tulasi kutoka Upanga, na chenga safi. Leo asubuhi amewasha taa yake.

Ile chumvi usiirudishe dukani. Iweke ndani mpaka nije kuvuna, utanipikia mlenda. Na siku hiyo ukiniuliza kama inatosha, nitaonja kwanza ndipo nijibu.

Ni mimi mumeo,
Baba Pendo