Kinu cha Mama Mkwe

Jumatatu, 8 Julai 1996

Foleni haijafika hata nusu, bomba likakohoa. Kwisha. Jirani yangu Mashavu kasema mbele za watu eti ufunguo anao mtu mmoja tu, na huyo mmoja mwanawe hakosi kung'aa. Wenzake wakacheka. Nikatia kufuli, nikaondoka zangu. Jumamosi kamati ya maji inakaa. Wakininyang'anya ufunguo kwa neno hilo, nitaitwa mwizi wa maji mpaka mwanangu Sabra aolewe.

Jumanne, 9 Julai

Kamati imeleta fundi kutoka Dar, Haitham. Wa kampuni — siku hizi hata maji yana kampuni. Ana visanduku viwili. Kimoja kakifunga kwenye bomba langu la mtaa, kikawa kinagonga maji: tok, tok, tok. Kingine anatembea nacho mkononi, spika masikioni, akiegesha chini na kusikiliza. Nikamuuliza. Akasema bomba la chuma lina mashine yake. La plastiki halijibu mashine ile, ila mlio wa kugonga unasafiri ndani ya maji, na ardhi ya juu yake inagonga pia. Aliyejiunganishia maji kwa siri, mlio utamfuata mpaka uani kwake.

Nikamwambia aanzie kwangu. Kaanzia. Kimya. Mashavu akasema labda mashine mbovu.

Jumatano, 10 Julai

Haitham kaomba vinu vinyamaze, kishindo kinamfunika. Na huu ndio msimu, mpunga mpya, kila uwanja unatwanga. Wote wakatii, hata Mashavu. Akaufuata mlio taratibu hadi kwenye kona ya Mzee Sadala. Hapo ukagawanyika. Mmoja waenda barabarani. Mwingine waelekea kwa Bi Tabu, mama mkwe wangu.

Na hapo hapo kinu cha Bi Tabu kikaanza.

Fundi akaenda kumwomba. Akaacha. Fundi akiinama tu, kinu. Akaombwa tena, akajibu kwani mjukuu wake atakula hiyo mashine? Watu wakaangua kicheko. Mimi sikucheka. Kinu chenye mpunga hulia kizito, kama kinameza. Kile kilikuwa kinalia mti kwa mti.

Sabra hushinda kwa Bi Tabu nikiwa bombani. Kila jioni ananirudishia kaoga, nywele laini, ananukia sabuni. Maji ya kisimani, husema. Kisima chetu kina chumvi, sabuni haitoi povu! Leo nimemlamba mwanangu begani. Akacheka, kadhani namchezea. Hana chumvi hata kidogo.

Na Mshamu, mume wangu, kabla hajaenda Kiongoroni kukata boriti, alichimba mtaro kwa mamake. Wa choo, alisema. Hicho choo bado sijakiona.

Alhamisi, 11 Julai

Nimetangulia kwa Bi Tabu asubuhi. Nikakaa na Sabra mapajani, nikangoja. Haitham alipofika ua wa makuti, kinu kikaanza. Sasa kwetu mkwe hasimami akimtazama mama mkwe anatwanga, ni aibu. Nikapiga goti mbele ya wote.

"Mama, pumzika. Nipe mchi."

Angekataaje? Kanipa. Nikachungulia kinuni. Hata chembe.

Akaniinamia sikioni, kama ananifunga kanga vizuri. "Twanga, mwanangu. Aliyechimba ni mumeo."

Nikasimama na mchi. Sikutwanga. Mikono ilitaka, nikaizuia. Kimya. Fundi akaingia uani, akaegesha chombo, akakunja uso, akasogea upande wa jikoni. Betri zikamwishia. Akasema anakwenda dukani kutafuta nyingine, atarudi baada ya adhuhuri.

Bi Tabu kanishika mkono, akasema Sabra abaki, amekwisha kumpikia uji. Nikaondoka. Njiani ndipo nilipoona mchi bado ninao. Sikuurudisha.

Upo hapa nyuma ya mlango. Adhuhuri imekwisha adhiniwa. Naandika, na nje kuna hodi. Ni Bi Tabu. Kampakata Sabra, mtoto ananiita. Anasema kwa upole amekuja kuchukua mchi wake tu.

Kule konani namsikia Haitham, karudi na betri, anawaomba wanawake wanyamaze.

Nimeitikia karibu. Sijainuka.