Bibi Mkubwa na Mpira wa Shingoni

Namuwongo, Kampala

Yaya Zawadi, dada yangu,

Mko aje huko Uvira? Mguu wa mama umepona, au bado anaukanda kwa mawese? Mimi mwili mzima, ila roho imejaa wivu, na sina wa kumwambia isipokuwa wewe.

Unajua Ramadhani, mume wangu, alipasuliwa tumbo baada ya utumbo kutoboka. Hakuweza kula, kwa hiyo wakamtia mpira kwenye mshipa wa shingo, akawa analishwa kwa maji yanayopita humo. Nilimuuguza peke yangu, nikimfulia na kumgeuza. Kisha ikaja homa iliyokataa kila dawa. Hapo ndipo mke mwenzangu, bibi mkubwa, alipofika kutoka Arua, na hata hajanisalimu vizuri alishakalia kiti changu.

Daktari akatuambia huenda kuvu imeingia kwenye damu. Nikacheka, maana kuvu mimi naijua kwenye mkate. Akasema wengi hufa nayo, hasa wanaocheleweshewa dawa. Tusingoje majibu ya maabara, dawa ianze leo, na mpira utolewe kwa kuwa kuvu hukaa humo.

Nikakataa. Kwetu unajua, mgonjwa aliyechomolewa maji ni mgonjwa aliyeachwa afe. Nikaushika ule mpira.

"Mama Neema, mpira si dawa," bibi mkubwa akasema. "Wacha watoe."

"Wewe umefika jana."

"Nimefika jana, lakini macho iko."

Nesi akachoka nasi. "Muke yake ni nani? Aweke sahihi."

Tukaitika sote wawili. Yeye akawahi kalamu, mpira ukatolewa na dawa ikaanza.

Majibu yalipokuja, ilikuwa kuvu kweli. Mzee wa kitanda cha jirani alikuwa na ugonjwa huohuo, lakini alifikishwa amechelewa na figo zimeshachoka. Tulimlilia juzi. Wetu homa imeshuka, na jana amekunywa uji. Dawa itaendelea hata damu ikisafika, na bibi mkubwa ameapa kubaki mpaka iishe.

Sasa kila anayekuja kumwona, Ramadhani anamwonyesha mwenzangu: "Huyu ndio aliniokoa." Mimi nipo hapohapo, nimeshika beseni la nguo zake. Yaya, inauma. Wangenisikiliza mimi, leo ningekuwa mjane. Nalijua hilo, namshukuru Mungu, na bado mwanamke yule akinimiminia chai naiacha ipoe.

Nisalimie mama, shemeji fundi cherehani, na mjomba Bahati anayetuimbishia kwaya. Neema wangu anawabusu. Na wakiuliza nani kamponya Ramadhani, waambie ni daktari.

Mdogo wako wa tumbo moja,
Furaha